Aliyefukuzwa na Milango Miwili

Hamtaniamini, na wala sijali. Hata marehemu mke wangu hakuniamini, na tuliishi vizuri tu. Nasimulia habari za mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayepiga lipu kwenye maghorofa. Mafundi wanamwita Chapchap. Ukuta ambao mwanaume anaushindia kutwa, yeye saa ya chai ameshausawazisha. Kipaji kimetoka kwangu, ingawa mimi nikiona saruji tu mgongo unaanza kuuma.

Alikuwa amepanga chumba na binti zake wawili. Kodi ikachelewa, mwenye nyumba akaja akang'oa mlango, akaubeba kichwani, akaenda zake. Mama na mabinti watalalaje wazi mtaani kwetu? Wakahama. Msimamizi wa jengo alilokuwa akilipiga lipu akamwambia, "Laleni humu. Ila chumba kikishatiwa mlango, hicho si chenu tena."

Sasa oneni maajabu. Mlango hautiwi mpaka lipu iishe, na mpiga lipu ni nani? Chapchap huyo huyo! Mchana anakimaliza chumba, jioni anaburuta godoro kwenda kinachofuata. Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu alijinyoa, na shingo akaipitia.

Nikamfuata. "Mama, punguza mwendo."

"Nikipunguza, Mjomba, kesho analetwa mwingine."

"Basi pindisha ukuta kidogo, urudiwe."

"Nipindishe? Mimi?" Akanitazama kama nimemtuma kuiba. "Mjomba, hebu rudi kwenye korido yako."

Hapo alinichoma. Ni kweli, nalala kwenye korido ya shemeji. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Langu nimelificha, lakini watu watatu zaidi ningewaficha wapi?

Binti yake mdogo alikuwa akichora kwa mkaa kwenye matofali: kitanda, pazia la maua, kabati la nguo. Wakihamia chumba kingine anachora upya, na mama yake anafunika. Kwenye chumba cha mwisho Chapchap alianzia mbali, akazunguka pembe zote, kabati akaliacha peke yake ukutani.

"Mama, hata hili?"

Mama akachota saruji, akalipiga kabati, akasawazisha. Ukuta ukanyooka kama maji kwenye beseni.

Asubuhi seremala akafika na mlango. "Samahani, dada," akasema, akajibanza ili godoro lipite. Ndipo Chapchap alipomgeukia msimamizi mbele ya mafundi wote, akanguruma: "Jengo hili nimelivika nguo kwa mkono huu, na leo wewe..."

"Mjomba!"

Chapchap mwenyewe yuko hapa uani. Jumapili huja kufua kwenye bomba la shemeji, nami huwa naandika kwa sauti.

"Mimi sikunguruma," akasema, huku anakamua sketi ya shule. "Nilimwomba tubaki mpaka lipu ikauke."

"Akasemaje?"

"Akasema tutaichafua."

Haya, nimeandika kama alivyosema. Na hili pia ni kweli tupu: sasa anafanya kazi kwenye kiwanja kingine, na wanalala huko huko. Kuta zimefika kiunoni, juu ni karatasi la nailoni. Mvua ikinyesha wanasimama. Lakini nawaapia, siku ile msimamizi roho ilimuuma, akakaa chini akalia, machozi yakajaza ndoo mbi...

"Hakulia, Mjomba. Alikuwa anajaribu funguo."