Foleni ya Maziwa Karibu na Kibabii

Niliondoka Kitale kwa sababu kulikuwa na mtu karibu apoteze kazi. Ushirika mmoja wa maziwa karibu na Kibabii ulilalamika kwamba kompyuta yao imekuwa nzito ajabu, na wakulima walisema anayechelewesha ni karani, Mama Nasimiyu. Kamati ingekutana saa sita mchana kuamua kama aondoke. Mimi, fundi, nilitakiwa kusema kosa ni la nani.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikapu ya ushirika. Dereva, Wafula, hakungoja aulizwe.

"Huyo mama anapendelea, bana. Ati kijiji kimoja kiingie chote, ndio aite kingine. Cha kwao ndio kinaanza. Mama yangu anakaa mwisho na jua."

Kufika Webuye nilikuwa nimeshamhukumu moyoni. Mimi ni mwepesi wa kuhukumu, nakiri.

Saa mbili na nusu tulifika. Foleni ya mikebe ilizunguka jengo zima. Mama Nasimiyu alinikaribisha chai, nami nikainama chini ya meza yake ilikokaa seva, ile mashine inayotunza rekodi za wanachama wote; kila mkulima hufunguliwa yake kabla maziwa yake hayajapokewa. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, yaani RAM, ilikuwa imejaa pomoni, na taa ya diski haikupumzika. Rekodi zilikuwa zimeongezeka mwaka baada ya mwaka, kumbukumbu ikabaki ileile. Ni kama kupika kwenye meza ndogo: ukitaka kitunguu, sharti kwanza urudishe sufuria stoo.

"Mama, mbona unapanga watu kwa vijiji?"

"Jaribu kuwachanganya, fundi. Utaona."

Nikaita wakulima kumi wa vijiji tofauti. Kila jina liligandisha mashine mpaka watu wakaanza kukohoa. Nikaita kumi wa kijiji kimoja: wa kwanza alijikokota, tisa wakafunguka papo hapo. Hapo nikaelewa. Rekodi za kijiji zilikaa pamoja kwenye diski, kwa hiyo ukiivuta moja, majirani zake wanakuja nayo.

"Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe? Si nimekaa na hii kitu. Iko na tabia yake, kama ng'ombe."

"Na kijiji chenu kuanza?"

"Ndio wako karibu, wanafika mapema. Ningengoja wa mbali nikifanya nini?"

Jambo hilo nililisomea chuoni muhula mzima, na bado sikuliona. Yeye aliligundua peke yake, huku akitukanwa dirishani. Niliona haya, na nilimstaajabia sana.

Saa sita nilirudia jaribio lile mbele ya wanakamati. Mwenyekiti akauliza, "Na bila yeye?"

"Bila yeye maziwa yangechacha kwenye foleni, mngeyamwaga kila siku."

Mama Nasimiyu akabaki kazini. Alasiri ileile tulipata kumbukumbu ya ziada mjini Bungoma, nikaifunga, na kesho yake asubuhi watu walihudumiwa walivyofika, bila kujali kijiji.

Tukirudi Kitale nilikuwa nimejifunza kumuuliza kwanza anayeishi na mashine, kabla sijaigusa. Tulipopita Webuye, Wafula akapunguza mwendo.

"Mimi ndio nilimshtaki kwa kamati."

"Umemwambia?"

"Leo asubuhi. Ameniuliza tu kama maziwa ya mama yangu yamewahi kuchacha kwa foleni."

"Ukamjibu nini?"

"Hayajawahi," akasema. "Hata siku moja."