Kona ya Chini ya Soni

Kila alipoteremka mlimani kwenda Mombo kwa basi, seremala alikaa nyuma ya dereva Fanueli, akifunga fundo kwenye kamba ya katani katika kila kona. Fanueli alidhani mtu huyu anasali kwa woga, na ilimuudhi. Kumbe alikuwa akiichukua barabara, kona kwa kona. Kwa vidole vyenye gundi aliichonga upya kwenye mteremko wa udongo nyuma ya karakana ya kijiji, ili magari ya mbao yashindane siku ya Sabasaba. Alipima kwa shubiri, akapuliza vumbi, akapima tena.

Katibu wa kijiji alitaka kona ya chini ya mji wa Soni ipanuliwe kwenye mteremko ule, maana magari yote ya mbao yalianguka pale. “Utatuaibisha mbele ya wageni, fundi.”

“Barabara yenyewe haijapanuliwa,” seremala alijibu bila kuinua macho. “Muulize dereva.”

Fanueli, aliyekuwa amekuja kutazama, alichuchumaa, akasukuma gari moja kwa kidole. Lilipofika pale, mguu wake wa kulia ulikandamiza udongo bila yeye kutaka, ukitafuta breki. Akacheka.

“Ndugu katibu, usiiguse. Hapa hata mimi naingia na gia ya kwanza.”

Seremala akaivaa kamba yake shingoni, mafundo yote kifuani, akarudi kupuliza vumbi.