Chupa Kumi na Mbili za Maji ya Ziwa

Wanafunzi walimwita Profesa wa Sinki, na yeye hakuona utani wowote ndani yake. Miaka thelathini na moja alikuwa mwosha vyombo wa maabara ile. Maprofesa wenye vyeti walikuja, wakazeeka, wakaagwa kwa keki na soda. Yeye alikuwa pale pale, buti za mpira miguuni, glavu mpaka kwenye viwiko.

Shule aliishia darasa la pili, lakini kwenye chupa hukuweza kumdanganya. Watu wa udongo walimletea vyombo vyenye tope, watu wa dawa vichupa vyenye utando wa mafuta, watu wa magonjwa mirija iliyopimiwa damu. Kila kundi lilikuwa na ghorofa yake na kiburi chake.

"Mnapandisha mabega bure," aliwaambia. "Wa udongo, wa damu, wote mnatia asidi, mnapima, mnakodoa macho mkingoja rangi ibadilike. Kemia ni hiyo hiyo, mnaibadilishia nguo tu."

Alijua kwamba mafuta hayatoki kwa maji, yanataka spiriti. Chumvi inatoka kwa maji. Kutu inataka asidi. Hakuyasoma popote. Yaliingilia mikononi, na makovu yalikuwepo.

Katika jengo hilo hilo akaja kufanya utafiti binti wa marehemu kaka yake. Alimlea tangu ana miaka minne, akamsomesha kwa hiyo hiyo mikono iliyochubuka. Siku alipomwona mara ya kwanza ndani ya koti jeupe, aliingia chooni akalia, akatoka akasema sabuni imemwingia machoni.

Binti alikuwa anatafuta kinacholisha magugu yaliyofunika ziwa. Alidhani ni fosfati, kitu kilichomo kwenye mbolea, ambacho mvua hukisomba kutoka mashambani. Kwa miaka mitatu alikwenda ziwani na kurudi na maji kwenye chupa kumi na mbili. Kila safari aliongeza ya kumi na tatu, akaijaza maji ya mtambo, yale yaliyochemshwa yakawa mvuke, yakarudi kuwa maji matupu. Hiyo ilikuwa ya kulinganishia. Dawa ya kupimia hugeuka bluu ikikutana na fosfati; kama chupa zina uchafu, hata maji matupu yangegeuka bluu, naye angejua anadanganywa.

"Shangazi, hizi zangu usizitie sabuni," alimwambia mapema kabisa. "Asidi, kisha maji ya mtambo mara tatu. Basi."

"Kwani sabuni imekukosea nini?"

"Hii tunayotumia hapa ina fosfati, shangazi. Inang'ang'ania kwenye chupa na wala huioni."

"Haya, haya."

Ilikuwa ile haya ya mtu aliyekwisha kukataa. Chupa zilirudi na utelezi wa kijani, na hata baada ya asidi zilibaki na ukungu. Mtoto wake asimame mbele za watu na chupa zenye ukungu? Aibu ya nani? "Nifundishwe kuosha na niliyemwogesha mwenyewe!" alinong'ona, akachovya brashi kwenye sabuni. Akasugua, akasuuza mara kumi, si tatu, mpaka zikameremeta. Ya kumi na tatu aliipitisha kwenye maji ya mtambo akairudisha kikapuni. Ilikuwa na maji tu. Uchafu gani wa kusugua?

Akafanya hivyo kila safari, kwa miaka mitatu.

Majibu yakatoka mazuri ajabu. Maji ya ziwa bluu, ya kulinganishia meupe, kila mara. Binti akapewa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Shangazi akatangaza mtaa mzima, hata kwa muuza mkaa.

Ndipo maabara nyingine ikachota maji pale pale ziwani, ikakuta fosfati kidogo mno. Binti akaitwa kujieleza mbele ya kamati. Kwenye korido watu wakaanza kunong'ona: amepika majibu.

Jioni hiyo binti alikaa mezani bila kugusa sahani. "Sielewi, shangazi. Ya kulinganishia ilikuwa safi kila mara. Na chupa zote zinaoshwa sawa. Si ndiyo? Zote sawa?"

Kijiko cha shangazi kikasimama hewani. Pale pale akajua.

"Kula," alisema. "Chakula kinapoa."

Alinyamaza siku nne. Kila asubuhi alijiambia leo nasema, na kila alipofungua mdomo, aliikumbuka miaka yake thelathini na moja, akauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Siku ya tano kamati ilipokaa, aliingia na buti zake, kikapu cha chupa mkononi, maji yakichuruzika sakafuni.

"Mama, hiki ni kikao," alisema mwenyekiti.

"Nakiona. Lakini mnayemtafuta siye huyo. Aliyeosha chupa ni mimi. Hizi kumi na mbili nilitia sabuni. Hii moja sikutia. Aliniambia, nikakaidi."

Binti aligeuka polepole, akamtazama kama anamsikia kwa mbali.

Wakazijaza chupa zote maji ya mtambo, wakatia dawa. Kumi na mbili zikageuka bluu. Hamkuwa na hata tone la ziwa ndani yake.

Kamati ikaandika kwamba hakuna aliyepika chochote. Ikaandika pia kwamba majibu ya miaka mitatu hayafai, yafutwe.

Wakabaki wawili kwenye korido.

"Jana niliandika barua ya kuiachia ile nafasi," binti alisema. "Niliona siwezi kwenda na jina la mwongo. Asubuhi wamempa mwingine." Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza mezani, shangazi. Nilikuuliza."

"Mwanangu..."

"Nilikuuliza."

Baada ya mwezi binti alipata kazi ya ualimu, mji wa mbali. Siku ya kuondoka alipita maabara kuchukua koti lake. Shangazi alikuwa kwenye sinki, chupa mkononi. Akamnyooshea.

"Nionyeshe," alisema. "Nifundishe unavyotaka zioshwe."

Binti aliipokea ile chupa. Akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni, akaizamisha chupa kwenye asidi, akaitoa. Maji ya mtambo, mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akaiinamisha ikauke.

"Hivyo tu," alisema.

"Mara tatu tu?"

"Tatu tu."

Akachukua mkoba. Shangazi alitaka kumwambia abaki, alitaka kumwambia amsamehe. Maneno yalikuwepo, aliyahisi ulimini.

"Funga mlango vizuri," akasema. "Vumbi linaingia."

Binti akaufunga vizuri.