Mti wa Uzio Ndani ya Msitu wa Serikali

Wakati wa Mdachi, watu wa mlimani wenye cheti cha mhuri wa tai walikuwa wachache, na upande wetu, juu ya Mkuyuni, nilikuwa peke yangu. Sikukirithi kwa mtu. Nilishuka Morogoro nikiwa mchukuzi, nikabeba mataruma ya reli mpaka mabega yakaota sugu, nikafika Tanga, nikaingia shule ya serikali nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote, kisha nikafundishwa kazi ya miti kwenye bustani ya majaribio huko Usambara. Niliporudi nilikuwa na viatu, saa ya mfukoni, na Kijerumani cha kumjibu Mzungu kabla mkalimani hajafungua kinywa. Ndiyo maana Bwana Misitu, Mjerumani aliyesimamia msitu wa Uluguru, alinikabidhi mimi vita vya ule mti wa uzio.

Mti wenyewe uliletwa na mlowezi mmoja, akauzungushia nyumba yake kando ya njia ipandayo msituni. Maua yake ni ya manjano na mekundu katika shada moja, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka na yananuka ukiyaponda. Watu waliupenda. Mimi nilikuwa nimeuona Usambara ukitoka bustanini na kumeza mteremko mzima. Chini ya kivuli chake hauchipui mche wa mti wowote. Sasa ulikuwa umevuka mawe ya mpaka, umeingia msituni, mahali ambapo sisi wenyeji tulikatazwa hata kukata kuni.

Vibarua walitaka kuufyeka tu. Niliwakataza, nikawafundisha kuchimba mpaka mzizi wa mwisho. Tukausafisha wote. Mvua zikanyesha, ukarudi palepale, kandokando ya njia ya miguu.

Bwana Misitu alipouona aliuchokonoa kwa fimbo. "Ndege wanaokula matunda yake hawafuati njia," akasema. "Mtu anaupanda. Nikirudi baada ya masika nikaukuta, mawe ya mpaka nitayashusha mpaka kijitoni."

Kati ya msitu na kijito lilikuwa shamba la mama yangu, migomba yake yote na makaburi ya ukoo.

Nikaanza kumshuku kila mtu, na nilikuwa na sababu. Kwetu Uluguru, anayepanda mti wa kudumu mahali ana neno juu ya mahali hapo, hata kama ardhi ni ya ukoo mwingine. Nikadhani kuna mtu anaupanda ili siku moja adai kipande cha msitu tulichonyang'anywa. Wa kwanza kumfikiria alikuwa mjomba, kaka wa mama, kwa sababu kwetu mtu ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya ardhi.

Nao walinishuku mimi. Nilikuwa nikipita shambani wanawake wakilima, mmoja anapaza sauti: "Karani wa magugu huyo! Ficheni mchicha, atautia ndani ya mpaka!"

"Mwacheni," anajibu mwingine. "Si anaupanda mwenyewe? Ukiisha, Mdachi atampa kazi gani? Atarudi kupalilia nasi, na viatu vyake!"

Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Lililoniudhi ni kwamba shutuma yao ilikuwa na akili kuliko yangu.

Siku ya gulio la Mkuyuni nikajibanza kwenye majani juu ya njia, kuwavizia watu wakirudi. Mahali pale njia inapoingia msituni pana rundo la mawe. Tangu zamani, mtu wa kwetu akiingia msituni huweka hapo tawi bichi alilovunja njiani, kuwaomba wazee waliotangulia ruhusa ya kupita. Mimi mwenyewe niliweka tangu naanza kutembea. Zamani lilikuwa tawi lolote. Siku ile nikamwona bibi mmoja akija na tawi la ule mti wa uzio, maua na matunda yake meusi, akaliweka taratibu, akaomba, akapita. Nyuma yake mwingine, na lake. Kisha mjomba, amekumbatia matawi tele.

Nilishuka nikainua tawi la zamani. Kwenye udongo mbichi kati ya yale mawe lilikuwa limetoa mizizi myeupe kama mvi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umejificha humo tangu lini?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazi ya kupeleleza ndugu zako."

"Mjomba, haya matawi mnaleta kwa kusudi?"

"Kusudi gani? Wewe umerudi na viatu, wazee wasipewe hata ua?"

Nikamwonyesha mizizi. Nikamweleza kwamba matunda yanadondoka, matawi yanaota, na Mdachi atachukua shamba la dada yake. Alinisikiliza akinitazama mdomo, kama anayetafuta jino la kubandika.

"Mdachi hayajui mawe haya," akasema. "Nani atamwambia?"

"Si mimi."

"Tutaona."

Hatukupata muda wa kuzungumza tena. Bwana Misitu alikuja kabla masika hayajaisha, bila taarifa, akanitaka tupande naye papo hapo. Tukamkuta mjomba kando ya rundo la mawe, na matawi yamejaa.

"Nini hiki?" Bwana Misitu akauliza kwa Kijerumani.

Mjomba hakujua neno moja la Kijerumani. Aliangalia uso wangu tu. Ningesema kweli, mpaka ungeshuka siku ileile, na yeye angepigwa viboko bomani.

Nikajibu: "Ni magugu waliyong'oa vibarua wangu. Nimeagiza wayaanike juu ya mawe yasiote tena, kama tulivyofundishwa Usambara. Tazama mizizi, bwana. Tawi lililokatwa halina mizizi; haya yameng'olewa."

Aliinua moja, akaipima ile mizizi kwa kidole, kisha akapapasa jani. Lilikuwa bichi. Akamtazama mjomba kwa muda, akanitazama mimi.

"Vizuri. Basi choma."

Akanipa kibiriti chake. Ningesita angejua. Nikakusanya majani makavu ya mianzi, nikawasha moto juu ya mawe ya wazee wetu, mjomba amesimama hatua chache, hajui nimesema nini, anaona nilichotenda.

Mpaka haukushuka. Jioni nilimwendea mjomba nikamweleza kila neno.

"Hivyo ndivyo usemavyo," akajibu.

"Shamba lipo, mjomba."

"Lipo. Hata mwizi huacha kitu."

Hata hivyo watu waliacha kuvunja mti wa uzio. Wakarudia matawi ya miti mingine ya njiani, na mimi na vibarua tukaisafisha njia mpaka ikabaki safi. Kazi ile sijaona aliyeifanya vizuri kuliko mimi. Mama alikula ndizi za shamba lile mpaka uzee, na mjomba alikuja kula naye. Nikiingia aliipokea shikamoo yangu, kisha akamgeukia mama na kumwuliza kwa Kiluguru, polepole, kana kwamba lugha hiyo niliiacha Tanga: "Leo katumwa na nani?"