Maiki Iliyomsikia Mtu wa Pili

Wapo watakaosema nililewa. Sinywi. Wengine watasema ni homa, nami nilikuwa mzima kama wewe unayesoma. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika, jua linachungulia, kuku wa jirani wanarudi uani. Nimelala nyumba za wageni za kila aina, Kigoma, Tabora, Sumbawanga, nimepita maporini juu ya malori ya mahindi, na sikuwahi kukutana na kitu. Kitu kilikuja kunikuta chumbani kwangu, hapa Ilembo, Mpanda, nikiwa nimevaa hedifoni.

Jambo lilianza na Esta. Esta ni binti wa marehemu Jonasi, rafiki yangu wa Sibwesa, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani. Mimi na Jonasi tulipiga magitaa katika bendi moja ndogo ya Mpanda, mimi solo, yeye rizimu. Bendi haikuwahi kuingia studio. Jonasi alikufa Esta akiwa bado anabebwa mgongoni, nami nikashika njia, leo huku, kesho kule, miaka ikapita. Niliporudi nilimkuta Esta ni fundi cherehani, na amechumbiwa.

“Baba mdogo,” aliniambia, “mama kila siku ananiambia baba alikuwa anapiga, alikuwa anapiga. Mimi sijawahi kumsikia. Nirekodie wimbo wenu mmoja, na sehemu ya baba uipige kama alivyokuwa anaipiga yeye. Siku ya harusi yangu nataka baba apige.”

Wewe ungekataa? Katika bendi ile nimebaki mimi tu. Mkono wa Jonasi haupo popote duniani isipokuwa kichwani mwangu, na hata humo vipande vilikuwa vimeanza kunitoka. Katikati ya wimbo palikuwa na mahali alipokuwa anafanya kitu kidogo kwenye nyuzi za juu, watu wanashangilia. Kitu gani? Nililala nikikitafuta, nikaamka sijakipata.

Gitaa nilikuwa nalo, na amplifaya kuukuu, na kompyuta ya mtumba. Kilichobaki ni maiki. Nikaenda mjini kwa Salumu, muuza redio na vyombo vya muziki. Akaniwekea mbili mezani.

“Kaka, hii ni kiziwi. Isogeze karibu kabisa na spika ya gitaa, pembeni kidogo, isitazame katikati. Itasikia spika, basi. Hata mkeo akigomba hapo mlangoni, haina habari.”

“Sina mke.”

“Ndiyo maana una muda wa magitaa!” Akacheka, akaigusa ya pili. “Hii sasa, kondensa, hii ni mmbea. Inasikia chumba kizima. Bati, kuku, mpaka jirani anayekusengenya. Kwa gitaa la umeme la nyumbani mimi nakushauri kiziwi.”

Akanijaribishia zote mbili palepale. Ile kiziwi ilitoa sauti nzito, safi, gitaa peke yake. Ile ya pili ilitoa gitaa na nafasi iliyolizunguka, kama ukumbi watu kabla hawajaingia. Niamini, nywele zilinisimama. Ndivyo tulivyosikika mimi na Jonasi mchana, tukijaribu vyombo kwenye ukumbi mtupu. Katika sauti ile palikuwa na mahali pa mtu mwingine kukaa.

“Kwako kuna kelele?” Salumu aliniuliza.

“Naishi peke yangu.”

“Basi beba mmbea wako. Atakusema wewe tu.”

Siku hiyo wapangaji wenzangu wote walikuwa shambani. Niliegemeza godoro dirishani, nikaiweka maiki mbali kidogo na amplifaya, nikavaa hedifoni. Kabla sijagusa uzi, nikasikia kwenye hedifoni, taratibu, upande wa mlango: “Hodi.”

Nyie mnajua tulivyolelewa. Mtu akisema hodi, mdomo unajibu wenyewe hata kama mikono ina unga. Nikasema, “Karibu.”

Hakuna aliyeingia. Nikavua hedifoni, nikafungua mlango. Uani maji yalikuwa yametuama, na kwenye tope hapakuwa na nyayo ila za kuku. Nikarudi, nikavaa hedifoni. Kiti changu cha pili, kile ninachotundikia mashati, kililia kama kinavyolia mtu akikalia. Nikakitazama. Mashati, basi. Lakini masikioni mtu alikuwa anapumua.

Ningekimbia, sivyo? Mtu mwenye watu wake angekimbia. Mimi nilikuwa sijatembelewa na mtu tangu nipange chumba kile. Nikasema, “Jonasi?”

“Ndiye,” sauti ikajibu. “Piga.”

Nikapiga. Na rizimu ikaingia chini yangu, polepole, mahali pake hasa. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Tulikwenda hivyo mpaka katikati ya wimbo, pale alipokuwa anafanya kile kitu chake kidogo. Hapo rizimu ikanyamaza. Ikapotea kabisa, kisha ikarudi mbele, palepale ambapo kumbukumbu yangu mimi inarudi.

Nikasimamisha vidole. Jonasi alikuwa ananiita Mugenzi, yaani mwenzangu, kwa Kirundi chao. Hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja.

“Jonasi,” nikasema, “ulikuwa unaniitaje?”

Halafu nikasikia kiti kinasogezwa karibu na maiki.

“Nikumbushe,” ikasema.

Nilizima kila kitu, nikaenda kukaa barabarani mpaka wapangaji waliporudi.

Asubuhi Esta alikuja kabla hajafungua kibanda chake. Nilikuwa nimeshasikiliza rekodi ile mara kadhaa. Sauti ya mtu haikuwemo. Magitaa yalikuwemo yote mawili, na lile pengo katikati. Nikajidanganya kwamba hakuna ubaya. Nikamvalisha hedifoni.

Sijawahi kuona uso ukifunguka vile. Alishika mdomo. “Ni baba,” alinong’ona. “Baba mdogo, huyu ni baba kabisa!” Nami nikafurahi, kweli nilifurahi, mpaka wimbo ulipofika kwenye lile pengo. Esta akainamisha kichwa kama mtu anayesemeshwa, akatabasamu.

“Anauliza mimi ni nani.”

Akafungua mdomo ajibu. Nilizing’oa zile hedifoni kichwani mwake kwa nguvu, hereni moja ikaruka. Nikaifuta rekodi mbele ya macho yake, nikafuta na nakala, huku yeye ananivuta mkono na kupiga kelele.

“Umemfuta baba yangu! Kwa nini, baba mdogo? Kwa nini?”

Nilimweleza kwamba yule si baba yake, kwamba anajua tu yale tunayomkumbusha. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekunyima chakula huku sufuria imejaa. Akaokota hereni yake, akaondoka.

Maiki niliirudisha kwa Salumu, akanibadilishia ile kiziwi. “Si nilikwambia?” alisema. Harusi ilifanyika. Nilikaa viti vya nyuma, wakapiga muziki wa simu kwenye spika kubwa, na Esta alipopita kunipa mkono alinipa kama anavyompa mkono mgeni yeyote. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia, “Shikamoo,” basi. “Baba mdogo” haniiti tena.

Hilo ningelivumilia. Lakini juzi nilishika gitaa, nikajaribu sehemu ya Jonasi. Vidole vilipofika pale katikati havikusita. Vilipiga kitu kidogo kwenye nyuzi za juu, kizuri, chepesi. Na sijui ni cha Jonasi au cha yule. Nimejaribu kumsikia rafiki yangu kichwani kama zamani, na anayekuja ni yule aliyekaa kwenye kiti changu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kurekodi gitaa nyumbani, nisikilize. Chukua maiki kiziwi, isogeze kwenye spika, ridhika na inachokupa. Na kama una mtu unayependa anavyopiga, nenda ukamrekodi leo, hata kwa simu mbovu, angali anaweza kukwambia mwenyewe anakuita nani.