Nilivyobeba Neno Nisilolikubali

Kikundi chetu cha watu walioacha pombe hukutana Kahama, Jumapili alasiri, katika darasa la chekechea tuliloazimwa. Tunakaa kwenye viti vidogo, magoti yakikaribia kidevu, na joto la saa hizo hutufanya sote tuonekane kama watu wanaoota. Hatuna bosi. Anayeongoza mwezi huu, mwezi ujao anafagia.

Siku ile vikundi vya mkoa vilitutumia swali: mtu akija amelewa, azuiwe mlangoni? Tukanyoosha mikono. Wote tulitaka azuiwe, isipokuwa mama mmoja aliyewahi kuwauzia wachimbaji gongo. Nilidhani yamekwisha, lakini kwetu aliyeshindwa husikilizwa tena kabla ya kufunga.

Alisema taratibu, akitazama vumbi lililoelea kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi mara ya kwanza nilikuja nimelewa. Mlichosema sikukielewa. Nilisikia tu mnacheka, nikajua kumbe ukiacha pombe bado unacheka."

Juu ya bati njiwa alikuwa akitembea. Mikono iliponyooshwa mara ya pili, aliyetaka kuzuia nilibaki mimi peke yangu. Nami nikapewa nafasi. Nikasema kwamba kwa aliyeacha jana, harufu ile ni hatari. Walinisikiliza, hawakubadilika. Kisha wakanichagua kuwa mwakilishi wa kulipeleka neno la kikundi kwenye mkutano wa mkoa.

"Lakini mimi nimepinga," nikasema.

"Ndiyo maana, baba," mama yule akajibu. "Wewe hutalipamba."

Nikaenda Shinyanga. Njiani, pale Samuye, ng'ombe walionekana kwa mbali kama wanatembea juu ya maji, kumbe ni mvuke wa joto, nami nikiyarudia maneno ya mama kimoyomoyo. Niliposimama mbele ya wajumbe nilijisikia nikizungumza, lakini utulivu wa sauti ile haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama yule.

Mzee mmoja kati ya wajumbe akaniuliza, "Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Niliona vingine, mzee. Hilo ni neno la kikundi."

"Tumelipokea. Sasa tuambie hofu yako."

Nikaeleza. Wakajadiliana mpaka wakaafikiana: mlevi aingie, akae, asikilize, ila asizungumze mpaka siku atakayokuja hajanywa.

Nilipowapa taarifa wenzangu Kahama, hakuna aliyepiga makofi. Mama yule alinishukuru tu kwa Kisukuma, "Wabeja," polepole, kama aliyepewa maji ya kunywa, tukaendelea na mkutano.