Akaunti ya Mzee Seifu wa Msimbu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Maili Moja, Kibaha. Firdausi Faraji anavua viatu mlangoni na kuingia katika chumba kilichokuwa stoo ya mbolea. Anafuta vumbi juu ya kasha jeusi lisilozidi ukubwa wa debe, anaweka kiganja ubavuni mwake kupima joto, kisha anavuta kiti. Hajamsalimia mtu tangu aamke, na huenda adhuhuri ikamkuta hivyo hivyo.

Kasha hilo ni seva. Humo mna faili zote za umoja wa vikundi kumi na vitatu vya wakulima wa Kibaha na Kisarawe: mihtasari ya vikao, ramani za mashamba, picha za mihogo iliyoshikwa na ugonjwa wa batobato. Wakulima walikataa kuziweka kwenye kompyuta za watu wa mbali. "Vya kwetu vikae kwetu," walisema kikaoni, wakapiga makofi, wakaenda kula pilau. Kazi yenyewe akaachiwa Firdausi.

Ana miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Kisarawe mjini, mwenye stashahada ya kompyuta. Hana mume wala mtoto, na mama yake alifariki mwaka juzi.

Seva hiyo ameishona upya kama fundi anayepunguza gauni la kununua. Ameongeza ukubwa wa herufi kwa ajili ya wazee. Ameruhusu video ndefu, maana wakulima hawajui kurekodi fupi. Kitufe cha "Pakia" alikibadilisha kikawa "Weka hapa", baada ya mzee mmoja kumpigia akitaka kujua gari la kupakia linafika saa ngapi.

"Nilicheka peke yangu humu ndani," anasema. "Nikatafuta wa kumsimulia, sikumwona."

Seva ina akaunti mia mbili na kumi na mbili. Katika miaka minne, wenye akaunti aliowahi kuwaona kwa macho hawazidi tisa. Anajua nani hufuta faili ya mwenzake kisha akaapa hakugusa, lakini akipishana naye sokoni hamjui. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Firdausi yupo kila siku, na lake halipo vilevile.

"Mashine ikigoma ndipo jina langu linakumbukwa," anasema. "Tena kwa lawama."

Mtu mmoja tu alikuwa akimpigia bila kuwa na shida yoyote. Huyo ni Mzee Seifu Mwinyimadi, katibu wa kikundi cha Msimbu, huko Kisarawe. Kila Jumatatu asubuhi simu ililia. "Binti yangu, mmeamkaje huko, wewe na mashine yako?" Firdausi alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, kisha akaeleza habari za mvua na za goti lake. Dakika tano, basi. Hawakuwahi kuonana.

Mwaka huu simu hizo zikakatika. Wiki moja kabla, Firdausi alikuwa amemkemea kidogo kwa kujaza picha za harusi ya mjukuu katika folda ya vikao.

"Nikasema mzee amenuna," anakumbuka. "Niliona aibu kumpigia. Halafu kila asubuhi nikifungua orodha, jina lake lina nukta ya kijani, maana yake yumo ndani anafanya kazi. Nikaridhika. Nikasema yupo, hasira zitaisha."

Nukta hiyo ilimliwaza kwa wiki nane. Ndipo akaweka sharti jipya: kila mtu abadilishe neno lake la siri, na namba ya kuthibitisha itumwe kwenye simu ya mwenye akaunti. Siku iliyofuata akapigiwa na Kwandu Ngusa, mweka hazina wa kikundi cha Msimbu.

"Dada wa Kibaha, mashine inatudai namba. Inasema imeituma kwa Mzee Seifu."

"Basi muombeni Mzee Seifu awasomee."

"Mzee Seifu tulimzika, dada. Hata arobaini yake imeshasomwa."

Kumbe kikundi kizima, watu saba, walikuwa wakitumia akaunti ya mzee, na baada ya mazishi waliendelea nayo. Msimbu hawakuona ajabu. "Kumnyima mwenzio neno la siri ni kama kumnyima kijinga cha moto," Kwandu anamweleza mwandishi wa habari hii. "Mzee alitupa sote. Kwa nini kila mtu ajifungie mlango wake?"

Firdausi aliuliza kwa nini hawakumpasha habari. Jibu halikuwa na ubaya wowote, lakini analikumbuka neno kwa neno: "Tungekwambia wewe kama nani, dada? Hatukujui."

Alilia, anakiri, na hakulia kwa ajili ya mzee peke yake.

Kanuni aliyoiandika mwenyewe inasema akaunti ya marehemu ifungwe. Angeweza kuifunga akiwa kitini. Badala yake alisafiri hadi Msimbu, akakaa siku tatu. Alifungulia kila mmoja akaunti yake, akahamishia kazi za mzee kwenye folda ya kikundi, na zile picha za harusi akampakulia mjukuu mwenyewe. Akapelekwa kaburini, akasoma Fatiha. Ndipo akaifunga akaunti.

Aliporudi aliongeza kisanduku kimoja kwenye fomu ya kila mtumiaji: "Tukikukosa, tumuulize nani?" Watu wa Msimbu walikijaza siku hiyo hiyo. Kwandu, aliyekuja Kibaha kwa mkutano wa umoja, akataka kuona fomu ya Firdausi. Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Sikuwa na jina la kuweka," anasema Firdausi. "Nilisingizia nimesahau."

Kwandu alisogeza kibodi upande wake, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na namba ya simu chini yake.

Kabla ya masika, Firdausi amepanga kufika katika vikundi kumi na viwili vilivyobaki, akae siku mbili kila mahali. Viongozi wa umoja wamemuuliza ataenda kutengeneza nini, kwa kuwa seva haina hitilafu.

"Niliwaambia naenda wanione," anasema. "Siku nisipofika kazini, nataka watu waulize, Firdausi yuko wapi."